Katibu na Alama ya Njano

Katibu hakukiamini kikao chochote mpaka kifike kwenye Mengineyo. Ajenda za mwanzo aliziandika harakaharaka, kichwa kimeinama, kama mtu anayepalilia shamba la mwenzake. Ilipotajwa ajenda ya mwisho alifunga kalamu, akaifungua tena, akajisogeza mbele kwenye benchi na kuanza kuwatazama wajumbe usoni mmoja baada ya mwingine. Alisema watu wetu hawasemi lililowaleta mpaka waone wenzao wameanza kutafuta kandambili zao. Hapo ndipo mtu hukohoa na kuomba dakika moja tu. "Ngoja niandike kwanza," Katibu alikuwa akisema, na mkutano mzima ulimngoja.

Alikuwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja cha Handeni, ukiipita Kwaluguru, kijiji ambacho sitakitaja jina. Mimi nilikuwa afisa mipango wa shirika dogo la uhifadhi lenye ofisi Korogwe mjini. Kwa miaka kadhaa tulishughulikia msitu mmoja, yeye kwa daftari na mimi kwa kompyuta. Namwita Katibu kwa sababu kila mtu alimwita hivyo, mpaka mkewe. Tena cheo hicho alivuliwa, na mimi nilikuwepo mezani akivuliwa, nina neno moja ambalo lingemwokoa, nikakaa nalo. Kwa hiyo katika maandishi haya hatakuwa na jina jingine. Ni kidogo ninachoweza kumrudishia, na najua ni kidogo.

Alikuwa mfupi, mkavu wa mwili, na mguu wa kulia wa suruali yake aliubana kwa kibanio cha nguo ili usiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Hata asipokuwa na baiskeli kibanio kilikuwepo. Mfuko wa shati ulikuwa na kalamu mbili, ya bluu kwa yaliyosemwa na nyekundu kwa yaliyoamuliwa, na hakumwazima mtu hata moja. Afisa mmoja kutoka wilayani aliwahi kunyoosha mkono aichukue ile nyekundu asaini kitabu cha wageni. Katibu alimwambia kwa adabu kubwa kwamba kalamu ile ni ya kamati, kisha akatoka mbio dukani kumtafutia nyingine. Daftari lake lilikuwa kaunta buku nene, limevikwa gazeti, na juu ya gazeti likavikwa nailoni. Hakuwahi kuchana ukurasa. Akikosea alipiga mstari mmoja, akaandika juu yake, akasema msomaji ana haki ya kuona tulipojikwaa.

Aliandika barua kwa mambo ambayo wengine huyamaliza kwa kupaza sauti juu ya ua. Jirani yake, ambaye milango yao inatazamana, alipokea siku moja barua yenye anwani zote mbili, tarehe, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: Yah: Mbuzi wako. Jirani naye akajibu kwa maandishi, Yah: Mbuzi wangu, na mambo yakaisha kwa amani. Nilizisoma barua zote mbili kwa sababu Katibu alikuwa na jalada lake.

Mimi ni Msambaa wa Lutindi, yeye Mzigua, kwa hiyo utani haukuhitaji kutafutwa. Alisema sisi watu wa milimani tumelelewa na ukungu, ndiyo maana hatuwezi kuona mbali. Alisema tukishuka bondeni tunauliza jua hili linazimwa wapi. Mimi nilimjibu kwamba Wazigua wakiona wingu wanadhani ni mgeni, wanalitandikia mkeka. Alicheka mpaka akavua kofia. Nikikumbuka utani ule sasa, natamani ningechagua kitu kingine cha kumchekea.

Msijenge mtu mtakatifu kichwani. Katibu alikuwa na kiburi chake na vijimambo vyake. Aliyechelewa kikao, maneno yake hayakuandikwa hata yangekuwa ya maana kiasi gani, wakati yeye mwenyewe alichelewa mara kwa mara kwa kuwa hakuweza kumpita mtu bila kumuuliza habari za nyumba nzima. Kina mama wakizungumza kwenye kikao, yeye aliandika tu "kina mama walichangia vizuri," akaendelea. Mkewe, aliyekuwa mjumbe pia na anayesoma vizuri kuliko yeye, aliliona hilo siku moja, akamwomba kwa upole mbele yetu sote amsomee ni kina mama gani, na walichangia nini. Tangu siku hiyo majina ya wanawake yaliandikwa kamili, pamoja na ya baba zao.

Na aliuogopa msitu. Aliupenda, alijua mpaka wake jiwe kwa jiwe, lakini nyoka walimtia baridi, na kila tulipoingia doria alipiga filimbi, akakohoa, akagonga miti kwa fimbo. Walinzi walimtania kwamba wachoma mkaa wanamsikia toka mbali kule Misima. Chai ya nyumbani kwake ilichemka kwenye jiko la mkaa. Nilipomuuliza mkaa huo umetoka wapi, alisema umetoka kwa muuza mkaa, akaongeza kwamba hilo lisiandikwe.

Sasa nieleze kompyuta yangu, maana bila hiyo hakuna kisa.

Programu niliyotumia ni ya kupangia miradi ya uhifadhi. Unaanza na kile unachotaka kukilinda, unakiweka kwenye kisanduku upande wa kulia. Kwetu kilikuwa msitu. Kushoto kwake unapanga matishio: mkaa, moto, mifugo. Nyuma ya matishio unapanga sababu zake, kisha unaviunganisha vyote kwa mishale. Kila tishio unalipima, na programu yenyewe inalipaka rangi, kijani likiwa dogo, nyekundu likiwa kubwa. Mwisho unaweka mikakati na viashiria, na kila robo mwaka unajaza kilichofanyika, nacho kiashiria kinabadilika rangi mbele ya macho yako. Niliipenda programu ile. Watu walikuja na maneno yao yanayopishana, malalamiko, historia za mashamba, na mimi nikayageuza kuwa picha moja safi inayoingia kwenye ukurasa mmoja. Ukweli ni kwamba niliipenda ile picha kuliko nilivyoupenda msitu.

Katibu naye ilimvutia. Alizoea kuvuta kiti na kukaa nyuma ya bega langu la kushoto, miwani imeshuka puani, akisoma kila ninachoandika. Aliiita daftari lako. Hakuipenda mishale, alisema inawasukuma watu kwenye jibu. Alipenda rangi. Siku moja baada ya kuitazama picha yote toka kushoto mpaka kulia, aliniuliza kwa wasiwasi wa kweli kama daftari langu lina Mengineyo.

Nilicheka, kisha nikamwonyesha. Kila kisanduku kina sehemu ya maelezo nyuma yake. Ukibonyeza unapata nafasi ya kuandika chochote, na ukishafunga, pembeni ya kisanduku inabaki alama ndogo ya njano kuonyesha kuna kitu kimeandikwa humo. Nikamwambia Mengineyo yenyewe ndiyo hiyo. Katibu aliisogelea ile alama mpaka pua yake ikakaribia kioo, akafurahi. Kila alipokaa nyuma yangu baada ya hapo, kitu cha kwanza alichotafuta ni alama za njano, na akiiona moja aliigusa kwa ncha ya kidole na kuuliza humo mna nini.

Warsha ya kupanga mradi tuliifanya kwenye darasa la shule ya msingi. Nilibandika karatasi kubwa ukutani, nikauliza watu wanautumia msitu kwa mambo gani. Wakasema kuni, miti ya kujengea, asali, dawa, mboga za porini. Nikauliza kama kuna kingine. Wakasema hakuna. Wageni walikuwepo, mmoja toka kwa wafadhili na wawili toka wilayani, wamekaa viti vya mbele. Nilishukuru kwa kuwa orodha ilikuwa fupi.

Kesho yake Katibu alinipeleka kwenye mkuza, ule ukanda unaofyekwa kuzunguka msitu kuonyesha mpaka. Tulipofika mahali ambapo njia nyembamba inauacha mkuza na kuingia ndani, akaegesha baiskeli. Akanieleza kuhusu ndiga.

Ndiga ni kiazi cha porini. Kina sumu, na anayekila bila kukijua anaweza kufa. Hukatwa vipande na kulowekwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa asubuhi na jioni, kisha hukaushwa na kutwangwa. Hakiliwi kwa kupenda. Mvua zikikataa misimu miwili mfululizo na maghala yakakauka, wazee huketi na kutaja siku mbili katika wiki, na siku hizo nyumba zenye shida huingia msituni kuchimba. Kila anayechimba anaacha kichwa cha kiazi ardhini ili kichipue tena, na anafukia shimo. Anayeacha shimo wazi haingii tena. Mvua ikirudi, msitu unafungwa, na hakuna anayelizungumza jambo hilo tena. Kusema mbele ya mgeni kwamba nyumba yako ilikula ndiga ni kujivua nguo. Mtu atakuambia watoto walikula mboga tu, walikula uji, walikwenda kwa shangazi. Ndiyo maana darasani jambo hilo halikutajwa.

Katibu alifungua daftari akanisomea nyumba zilizoingia mwaka mbaya uliopita. Alianza na yake. Kisha akaniomba niliweke jambo hilo kwenye mpango, na kwamba nisiliite kwa jina.

"Andika njia ya mwaka mbaya," alisema. "Wenyewe watajua."

Nilifungua kompyuta juu ya kiti cha gari, mlango ukiwa wazi, naye nyuma ya bega langu. Kwa muda ule nikaliweka kwenye maelezo ya kisanduku cha msitu: njia ya mwaka mbaya, siku mbili kwa wiki, kwa ruhusa ya wazee, kichwa kibaki na shimo lifukiwe. Alama ya njano ikatokea. Katibu aliigusa, akarudi kwenye daftari lake akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba mtaalamu ameliweka.

Nilikusudia kulitengea jambo hilo kisanduku chake. Kwa hili mnaweza kuniamini au msiniamini. Lakini nilipojaribu, ofisini Korogwe, programu ilidai kila kitu: ni tishio au ni mkakati, kiashiria chake ni nini, mshale wake unakwenda wapi. Nikiliweka kama uvunaji, linageuka tishio na kupaka nyekundu kitu ambacho wafadhili walitaka kiwe kijani. Nikiliweka kama mkakati, mtu angeniuliza kwenye semina ya kuuwasilisha mpango nieleze mwaka mbaya maana yake nini, na picha yangu ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Siku ya kuwasilisha ilikuwa imefika. Nililiacha kwenye maelezo. Na maelezo hayachapwi. Unachapa visanduku, mishale na rangi, na yale ya nyuma yanabaki kwenye kompyuta. Nililijua hilo nilipobonyeza kitufe cha kuchapa. Sheria ndogo za msitu ziliandikwa kutokana na karatasi zile, na zilisema kuchimba mizizi ya aina yoyote ni kosa. Katibu alipoomba kuiona picha tena nilimwambia kila kitu kimo.

Mvua zikakataa. Vuli ikapita na vumbi, masika ikanyesha siku chache ikakata. Mahindi yalisimama kiunoni yakakauka. Wazee waliketi wakataja siku zao kama kawaida, wakijua mpango unazo.

Walinzi wa doria walimkuta Katibu ndani ya msitu ana jembe na kiroba. Nyumba yake ilikuwa na njaa kama nyingine, sitaki kumpamba. Lakini alikamatwa kwa sababu alikuwa hajamaliza. Mtu mwingine alikuwa ameacha mashimo wazi, na Katibu, aliyeogopa nyoka kuliko kitu chochote, alikuwa ameinama akiyafukia moja moja. Wale walinzi aliwafundisha doria yeye mwenyewe. Nasikia mmoja alilia walipokuwa wanatembea kurudi.

Kesi ilisikilizwa ofisi ya kijiji. Mimi nilikuwepo kwa kuwa robo mwaka ilikuwa inaisha, nimekuja na mgeni wa wafadhili kukagua maendeleo. Katibu alikuwa bado katibu, kwa hiyo alikaa mezani akaandika muhtasari kama siku zote. Kufungua kikao, akaandika. Taarifa ya doria, akaandika. Ajenda ya tatu ilikuwa yeye mwenyewe. Akaandika kichwa chake, akapiga mstari chini, akainuka. Akaambiwa asimame ukutani, na ukuta uliokuwa na nafasi ulikuwa nyuma ya kiti changu.

Hakujitetea. Alisema ni kweli alikuwa msituni na jembe ni lake. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mpole na jambo lile lilimkera. Nina hakika alijua habari ya ndiga kama mtu yeyote pale, lakini mgeni alikuwa ameketi, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuitaja njaa. Akanigeukia mimi. Akaniuliza kama kwenye mpango kuna ruhusa yoyote ya watu kuingia kuchimba.

Picha ilikuwa wazi kwenye kompyuta mbele yangu. Kisanduku cha msitu kilikuwa pale upande wa kulia, na pembeni yake alama ya njano. Ningebonyeza mara moja tu. Ningesema, ipo, wazee walinieleza, mimi ndiye sikuichapa. Mgeni alikuwa kushoto kwangu, kalamu mkononi. Nikafikiria namna atakavyonitazama, na taarifa atakayoandika, na bosi wangu akiisoma.

"Kwenye mpango hakuna," nikasema.

Walimvua ukatibu, wakachukua jembe kuwa kidhibiti, wakampa adhabu ya kufyeka mkuza upande wote wa mashariki. Katibu alisogea mezani kukabidhi daftari. Kabla ya kuliweka chini alilifunua katikati, akachana ukurasa mmoja, akaukunja na kuutia mfukoni. Yeye ambaye hakuwahi kuchana. Kisha akatoa kalamu nyekundu akailaza juu ya nailoni, akatoka nje na kibanio chake kwenye suruali.

Haikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo inayonifanya niamke asubuhi nimechoka. Programu ilikuwa na kiashiria cha wahalifu wa msitu waliochukuliwa hatua, na kwa muda mrefu kilikuwa chekundu kwa sababu hatukuwa na wa kumwandika. Jioni ile nilimwandika. Kikageuka kijani. Kwenye semina ya Korogwe nilikionyesha kwa projekta, na kando yake nikaweka picha ya kidhibiti: mikono, jembe, kiroba. Nilimkata kichwa kwenye picha ile ili asijulikane, na nikajiona nina huruma. Watu walipiga makofi. Kijijini watu waliacha kuingia msituni. Walikula nini miezi ile sikuuliza, na programu haikuwa na mahali pa kuuliza.

Nilipokuwa nikienda kijijini baada ya hapo nilimkuta mara nyingi kwenye mkuza. Aliufyeka vizuri kuliko ulivyowahi kufyekwa, na adhabu ilipokwisha aliendelea. "Shikamoo Katibu," nilimwambia, nikiona haya hata ya neno lenyewe. "Marahaba, mtaalamu. Milimani hawajambo?" Alinijibu hivyo kila mara, bila kuongeza na bila kupunguza, na utani haukurudi tena. Mkewe zamani alikuwa akituletea chai kabla hatujakaa vizuri. Sasa aliitikia salamu, akaingia ndani. Nilijiambia kwamba Katibu hajui kitu. Anafikiri alama ile ilifutika, au wakubwa waliikataa. Nilikaa na faraja hiyo miaka. Mradi uliisha, leseni ya programu ikaisha nayo, nami nikahamia ofisi nyingine palepale Korogwe.

Mwaka huu, baada ya masika nzuri, kondakta wa basi la Handeni aliniletea bahasha. Ndani kulikuwa na anwani mbili, tarehe na kichwa kilichopigiwa mstari: Yah: Kikao cha watu wawili. Nilitakiwa kufika Jumanne saa nne asubuhi, mahali ni nyumbani kwake. Ajenda zilikuwa tatu: kufungua kikao, sheria ndogo za msitu, mengineyo.

Nilifika saa tatu na nusu. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani, mengi. Katibu alikuwa ameweka meza ndogo na viti viwili barazani, na mezani kaunta buku jipya, limevikwa gazeti na nailoni. Kalamu ilikuwa moja, ya bluu. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama saa. Hakufungua kikao mpaka saa nne ilipofika.

Ajenda ya pili alinieleza mwenyewe. Kijiji kilikuwa kinapitia sheria ndogo upya, na mkutano mkuu ulikuwa Jumamosi. Wageni wa wilaya watakuwepo viti vya mbele. Alitaka njia ya mwaka mbaya iingie. Aliongea taratibu, akiandika kila alichokisema yeye mwenyewe. Kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua juu ya meza. Niliutambua mwandiko. Ulikuwa ukurasa ule aliouchana, siku yetu ya kwenye mkuza, nyumba zote zikiwa zimeorodheshwa na yake juu, na chini kwa nyekundu: mtaalamu ameliweka.

Nikamuuliza kwa nini hakuisoma siku ile, akiwa nayo mkononi.

Alisema angeisoma, nyumba zile zingesikika mbele ya mgeni, na wengine wana mabinti wa kuozesha. Akanyoosha ile karatasi kwa kiganja. "Na wewe ulikuwa nayo," akasema. "Nilikuwa nyuma yako. Niliiona ile ya njano."

Sikuwa na mahali pa kuweka macho. Nilitazama mahindi. Nilitaka kusema samahani nikaona neno lenyewe ni dogo mno, nikakaa na aibu yangu kama mtu aliyemwaga chakula kwenye msiba.

Katibu alifungua ukurasa, akaandika Mengineyo, akapiga mstari. Akanieleza alichoniitia. Jumamosi hakuna mwanakijiji atakayesimama kuitaja ndiga, wala yeye hataitaja, na asingependa mtu yeyote alazimike. Lakini mtaalamu akisimama akasema kwamba kulikuwa na kitu kwenye mpango, wazee walikileta kwa utaratibu, na yeye mtaalamu ndiye aliyekiacha, basi mkutano utakuwa unasahihisha kosa la ofisi. Hakuna atakayeulizwa alikula nini. "Sisi hatuwezi kusema tulikuwa na njaa," alisema. "Wewe unaweza kusema ulikosea."

Nikamwambia nitakuja. Akasema ngoja niandike kwanza. Akaandika kwamba mtaalamu amekubali kufika Jumamosi, kisha akaniuliza sababu ya kutosema siku ile aandike nini, kwa kuwa mkutano utauliza.

Nikaanza kumweleza. Nilisema programu haichapi maelezo. Nilisema siku za kuwasilisha zilikuwa zimebana, kisanduku kilidai kiashiria, picha ilikuwa imejaa. Kalamu yake ilining'inia juu ya karatasi, haikushuka. Nikasema nilihofia kuwaaibisha watu wa kijiji. Haikushuka. Akanitazama usoni, jinsi alivyokuwa akiwatazama wajumbe wakati kandambili zinatafutwa.

"Andika niliona na nikakana," nikasema. "Andika niliogopa mgeni asijue nimekosea."

Akaandika. Alichukua muda, na katikati alikosea neno moja, akalipigia mstari, akaliandika juu yake. Yote aliyaandika kwa bluu, hata yaliyoamuliwa, kwa kuwa ile nyekundu ilibaki kwenye kamati. Alipomaliza alinisomea toka juu mpaka chini, akaniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo. Akanigeuzia daftari akanipa kalamu, nami nikaandika jina langu lote na jina la baba yangu, nikatia sahihi.

Mkewe alitoka ndani na ungo, akapita katikati yetu kwenda kwenye mahindi. Nikamsalimia, akaitikia. Nilikaa kidogo zaidi, kisha Katibu akafunga kikao, saa tano na dakika kumi. Chai haikuja.